Video Yako Imedaiwa Hakimiliki? Usikimbilie Kuifuta

Umerekodi sindimba Newala, ukaipandisha YouTube, kesho yake unakuta ujumbe wa hakimiliki. Mara nyingi tatizo si ngoma bali ni spika ya jirani iliyokuwa ikipiga bongofleva kwa nyuma. Mfumo wa Content ID hulinganisha sauti yako na rekodi zilizosajiliwa na wenyewe, na haujui kama wimbo ulipita kwa bahati mbaya au uliuweka kusudi.

Soma kwanza ni ujumbe wa aina gani. Dai la Content ID kwa kawaida hupeleka mapato kwa mwenye wimbo au huzuia video, basi. Straiki, yaani onyo la adhabu unalopewa mwenye kazi anapotaka video yako iondolewe, ni jambo zito: tatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufungwa.

Likiwa dai tu, ingia YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia video zako, ukate au unyamazishe kipande kile. Ukiamini una haki, pinga. Mdai ana siku 30 za kujibu, akikaa kimya dai linaanguka. Pinga ndani ya siku 5 za mwanzo ili mapato yashikiliwe tangu siku ya kwanza. Kuandika chini ya video kwamba “sikukusudia kukiuka hakimiliki” hakukusaidii chochote. Kinachosaidia ni kipande kifupi cha kazi ya mwenzako, chanzo kimetajwa, na maoni yako mwenyewe juu yake. Hata sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu kwa namna hiyo.

Straiki isiyo ya haki hujibiwa kwa notisi ya kukanusha, na utaratibu wake unatokana na sheria ya Marekani ya 1998. Mdai hupewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, asipofanya hivyo video hurudi. Lakini notisi inadai jina lako kamili, anwani na simu, na vyote hufikishwa kwa mdai. Kwa kijana wa Masasi anayefichua ulanguzi wa korosho, hiyo ni hatari ya kweli, na ni dosari kubwa ya utaratibu huu. Wakili anaweza kuiwasilisha kwa niaba yako. Mtafute kabla hujajaza fomu.

Nawe mwenye kazi, kabla hujamshtaki mtu wa Lindi, itazame video yake hadi mwisho. Kama ameinyanyua kazi yako nzima, lalamika. Kama amechukua sekunde 20 akakukosoa, mwache aseme. Na unapolalamika, chagua ilani ya siku 7: akiiondoa mwenyewe ndani ya muda huo, hapati straiki.