Kabla hujagusa rekodi ya Heisman

Wadogo zangu mnaoanza kuandika wasifu wa makocha wa zamani wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, kama John Heisman, wiki hii nimesoma drafti zenu tatu na zote zina kosa lilelile nililofanya mimi, nimeshindwa kunyamaza.

1. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, sio bao jamani, acheni kuandika "mabao 222", hizo ni pointi.

2. Pointi zina mwaka wake. Nilikuwa naandika msimu wa kwanza wa ukocha wa John Heisman, chuo cha Oberlin 1892, nikafika kwenye ile mechi na Michigan kule Ann Arbor ya tarehe 19 Novemba. Sehemu moja inasema Oberlin kashinda 24-22, nyingine Michigan kashinda 26-24. Mi nikaona nimekamata kosa, tachidauni si pointi 6? 22 ongeza 6 ni 28, basi nikafuta 26 nikaweka 28, ushindi nikampa Michigan na Heisman nikamwandikia kipigo, wala sikumuuliza mtu. Makala ikatoka. Kesho yake mhariri kanipigia, mama mmoja mpole sana, hakugomba, kaniuliza tu, "Mwanangu, 1892 tachidauni ilikuwa pointi ngapi?" Nikabaki na simu sikioni, sina jibu. Zilikuwa 4, hiyo 6 imekuja 1912. Na yale matokeo mawili kila moja lina mwenyewe: refa alisema muda umeisha, Oberlin wakaondoka kuwahi treni, ampaya, mwamuzi wa pili, akasema dakika bado zipo, Michigan wakafunga uwanjani hakuna mpinzani, 22 ikawa 26. Mpaka leo kila chuo kinajihesabia ushindi, na kwa Heisman mwaka ule unahesabiwa mechi 7, kashinda zote 7. Wale vijana wa Oberlin walipanda treni wakijua wameshinda, mi nimekuja miaka mia na zaidi baadaye nikawanyang'anya kwa kalkuleta. Bado inaniuma.

3. Heisman hakuanzia Georgia Tech, alishapita Auburn na Clemson, semeni hivyo.

4. Ile 222-0 ya tarehe 7 Oktoba 1916, Georgia Tech ya Heisman ikiifunga Cumberland, chuo kingine, mnaishangilia tu. Cumberland walishafuta timu yao, wakaokoteza wanafunzi wakapanda treni mpaka Atlanta kwa sababu mkataba ulikuwa unawabana. Mapumziko ilikuwa 126-0, na wakarudi uwanjani kumalizia, drafti zote tatu sijaona hata sentensi moja kuhusu hao vijana.