Muulize Fundi: Chensoo ya umeme haina kelele, ila haina utani

Toleo lililopita niligusia kidogo tu chensoo za umeme (misumeno ya cheni ya kukatia miti), basi maswali yamemiminika, na mengi yanaanza na maneno yale yale, "fundi hii yangu ni ya umeme, ndogo tu, haina fujo kama ya petroli". Jamani. Jino la cheni halijui mota yake inakula nini. Tena ya petroli angalau inanguruma, kila mtu aliye karibu anajua iko hai, hii ya umeme inakaa kimya kabisa na ukigusa swichi inafika spidi yote papo hapo. Hesabu yangu mimi ni moja, kama betri imo ndani au plagi iko kwenye soketi, hiyo mashine iko kazini hata kama imelala chini. Na wale wanaodhani ni kitoto cha juzi juzi, Mjerumani Andreas Stihl alianza na ya umeme mwaka 1926, ilikuwa inashikwa na watu wawili, ya petroli akaitoa 1929. Haya twende.

Fundi habari. Nilikuwa nakata tawi lililoanguka, ghafla mashine ikaruka juu ikaja usoni, ila cheni ikasimama yenyewe nikapona. Ni mbovu au mimi ndio nimekosea?

Pole sana ndugu yangu. Mashine ni nzima, tena ndiyo iliyokuokoa.

Iko hivi. Cheni ikiwa juu ya upanga (lile bapa refu la chuma) inakimbia kwenda mbele, ikifika puani (ile ncha ya upanga) inageuka, inashuka, halafu inarudi kwako kwa chini. Ile robo ya juu ya pua ndio sehemu mbaya kuliko zote. Jino likigusa kitu pale linang'ata kipande kikubwa kuliko linavyoweza kukata, linakwama, na nguvu yote iliyokuwa inazungusha cheni inahamia kwenye mashine yenyewe, ndio upanga unaruka juu na kuja nyuma. Tunaita teke. Linakuja haraka kuliko macho yako, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaliwahi. Nahisi ulikuwa unaangalia lile tawi unalokata, kumbe nyuma yake kulikuwa na tawi jingine au gogo na pua ikaligusa.

Kwa hiyo pua ndio ya kuichunga muda wote, safisha vitawi vya pembeni kwanza, kata kwa sehemu ya upanga iliyo karibu na mwili wa mashine, cheni iwe inazunguka kabla hujagusa mti na iendelee kuzunguka mpaka upanga utoke. Mkono wa kushoto unyooke. Halafu angalia kidole gumba chako cha kushoto kiko wapi, wengi wanakilaza juu ya mpini pamoja na vidole vingine, teke likija mpini unachomoka kama sabuni, kinatakiwa kizunguke kwa chini kiufunge mpini. Simama kidogo kushoto mwa mashine ili ikiruka ipite pembeni ya bega la kulia na sio katikati ya uso. Na usikate kitu kilicho juu ya mabega yako.

Hiyo cheni kusimama yenyewe ni breki. Ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto sio urembo, ikisukumwa na kifundo cha mkono breki inajifunga, na kwenye mashine nyingi mruko wenyewe ukiwa mkali inajifunga bila hata kuguswa. Ijaribu kila siku kabla ya kazi: shika kwa mikono yote miwili, hakikisha upanga haugusi kitu, washa, na ukiwa bado umebana swichi pindua kifundo cha kushoto usukume ngao mbele. Cheni isimame hapo hapo. Ikiendelea kujizungusha zungusha kidogo, usikate siku hiyo, peleka ikatengenezwe.

Mimi ni wa mkono wa kushoto, naweza kubadilisha mikono?

Hapana. Kushoto mbele, kulia nyuma kwenye swichi, kwa kila mtu. Mashine imeundwa hivyo, ukigeuza mikono mwili wako unaingia kwenye mstari wa cheni na ile ngao inakuwa haiko pale kifundo chako kinapopita. Utazoea, na uzuri ni kwamba mkono wa mbele ndio unaobeba kazi kubwa, kwa hiyo huo wa kushoto wako wenye nguvu uko mahali pake.

Gogo limelala limeshikiliwa huku na huku, kila nikikata katikati upanga unanaswa hautoki. Nikivuta kwa nguvu ndio unazidi.

Acha kuvuta kwanza! Zima, toa betri au chomoa plagi, halafu ndio uhangaike. Gonga kabari ya mbao au ya plastiki kwenye ule mpasuo mpaka ufunguke, upanga utatoka wenyewe. Kabari ya chuma usiitumie, cheni ikiigusa umeharibu meno na vipande vinaruka.

Sababu ya kunaswa ni uzito wa gogo. Likishikiliwa pande zote mbili, katikati linataka kubonyea, kwa hiyo upande wa juu mbao zinabanana na upande wa chini zinavutika. Ukikata kutoka juu tu lazima lifunge. Kata juu kama theluthi moja, acha, kisha malizia kutoka chini ukutane na ile kata ya kwanza. Ila ukikata kutoka chini unatumia mgongo wa upanga, na hapo mashine haikuvuti kwenda kwenye mti kama ulivyozoea, inakusukuma wewe, kwa hiyo miguu iwe imara na pua isiguse chochote. Kama gogo limeshikiliwa upande mmoja na upande mwingine unaning'inia, geuza: theluthi ya kwanza chini, malizia juu. Ukiwa kwenye mteremko simama upande wa juu maana kipande kikikatika kinaweza kubiringika.

Kuna mtu mwingine ameuliza kuhusu mti mchanga uliokunjwa na gogo likaulalia. Huo ni mtego, ukiukata ovyo unafyatuka kwa nguvu ambayo inavunja taya. Kama hujafundishwa kuukata na mtu anayejua, uache.

Chensoo yangu ni ya plagi, wati 2000. Ekstensheni ni ndefu, mashine inakosa nguvu na waya unachemka. Tatizo ni umeme mdogo?

Tatizo ni waya mwembamba. Wati 2000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9, sasa ukizipitisha kwenye ekstensheni ya taa na redio, volti zinapotea njiani, mota inafika na umeme pungufu, inafanya kazi kwa shida, inachemka na mwisho inaungua. Kwa mashine kama yako nyaya ndani ziwe na unene wa milimita za mraba 1.5 kama urefu hauzidi mita 20 hivi, na 2.5 ukienda mpaka mita 50. Imeandikwa kwenye ganda la waya wenyewe, soma kabla ya kununua. Na kama ni ya kuviringishwa kwenye gurudumu ikunjue YOTE hata kama unahitaji mita tano tu, ikibaki imeviringwa joto halina pa kutokea, ganda linayeyuka.

Iwe ni ekstensheni ya kazi za nje, na soketi iwe na RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, maana siku ukikata waya wako mwenyewe (na watu wanaukata) hicho ndicho kitakachokutetea. Waya upite nyuma yako, upande wa kulia, kamwe usilale kati yako na mti. Kama mashine ina ndoano ya kuning'iniza waya itumie, ili ukivuta plagi isichomoke ukiwa katikati ya kata. Mvua ikianza au majani yamelowa, acha kazi. Na waya uliochubuka usiuzungushie solotepu, badilisha.

Muuzaji anasema suruali ya kinga ya chensoo ya petroli inafaa kabisa hata kwa ya umeme. Kweli?

Hili swali zuri, na jibu sio ndiyo wala hapana. Suruali hizo ndani zina tabaka la nyuzi ndefu, cheni ikichana kitambaa cha juu inazikokota zile nyuzi, zinajisokota kwenye sproketi (kigurudumu cha meno kinachozungusha cheni), cheni inakwama. Kwenye mashine ya petroli inafanya kazi vizuri. Zinapimwa kwa spidi ya cheni, daraja la 1 ni mita 20 kwa sekunde, la 2 ni 24, la 3 ni 28, na chensoo nyingi za umeme ziko chini ya hapo, kwa hiyo mtu anapiga hesabu anasema hii inanifaa tena na chenji inabaki.

Shida sio spidi, shida ni nguvu ya kuzungusha. Mota ya umeme ikibanwa haizimiki kirahisi kama injini ndogo, inaendelea kusukuma, na baadhi ya watengenezaji wa hizo nguo wanaandika wazi kabisa kwenye lebo kwamba hawaahidi zitaisimamisha ya umeme. Maana yake nini? Vaa, kwa sababu cheni ikikupitia mara moja na wewe tayari umeachia swichi itasaidia sana, ila usiitegemee kama ukuta. Mimi ningevaa bila kufikiria mara mbili.

Mengine haraka haraka: miwani ya kinga, buti zenye chuma mbele, glavu zinazokubana vizuri, nywele zifungwe, hakuna skafu wala mnyororo shingoni. Na masikio pia, watu wanasahau kwa sababu mashine ikiwa imetulia haina kelele, ila ikiwa inakata nyingi zinapita desibeli 85, na kelele ya kiwango hicho kwa siku nzima inaharibu masikio.

Cheni inatoa unga mwembamba badala ya vipande, inatoa moshi, na nalazimika kukandamiza. Oili ipo.

Butu hiyo. Cheni kali inajivuta yenyewe ndani ya mti, inatoa vipande kama maranda, wewe unaiongoza tu. Ukianza kukandamiza umeshaingia kwenye hatari maana kata ikiisha mashine inashuka ghafla kwenye mguu wako.

Toa betri, vaa glavu. Noa kwa tupa ya duara, kwa cheni nyingi ndogo za umeme ni ya milimita 4 lakini hakikisha kwenye kitabu cha mashine, fuata alama ya pembe iliyochorwa juu ya jino, mara nyingi nyuzi 30, sukuma kutoka ndani kwenda nje tu, usirudishe tupa ikiwa inagusa, na kila jino lipate idadi ile ile ya misukumo la sivyo itakata kwa kupinda. Hiyo oili uliyosema ipo, je inafika? Elekeza pua kwenye karatasi au ubao mweupe bila kugusa, zungusha kidogo, uone mstari wa oili. Usipoonekana tundu limeziba na unga wa mbao. Oili chafu ya gari usiweke tafadhali.

Mkazo nao: vuta cheni chini katikati ya upanga, isining'inie ikiwa imetulia na bado izunguke kwa mkono bila kugoma. Cheni mpya inalegea haraka sana, ikague baada ya kata chache za kwanza. Ukiikaza ikiwa ya moto, ilegeze ukimaliza kazi, ikipoa inajikaza.

Shikamoo fundi. Baba yangu ni mtu mzima, anapanda ngazi na chensoo ya betri, mkono mmoja kashika tawi na mwingine anakata. Nikisema ananiambia nilikuwa sijazaliwa yeye anakata miti. Nimwambieje?

Marahaba mwanangu. Usimwambie hajui, kwa sababu anajua, mwambie umemletea kifaa. Ipo chensoo ya mpini mrefu, ya betri hiyo hiyo, kama kampuni ni moja inaweza hata kuingia kwenye chaja aliyo nayo. Anakata akiwa amesimama chini. Wazee wengi niliowaona wakiishika mara moja, ngazi inabaki stoo.

Ngazini hakuna namna ya kufanya salama, mikono miwili inatakiwa kwenye mashine kwa hiyo hakuna wa kushikilia ngazi, na tawi likikatika linaweza kuipiga ngazi yenyewe likiwa linashuka.

Akiipata hiyo ya mpini, asisimame chini ya tawi analokata, asimame pembeni na mpini uwe umelala kama nyuzi 60, usisimame wima. Tawi refu alipunguze vipande vipande kuanzia nchani, na kipande cha mwisho aanze na kata ndogo kwa chini ndipo akate juu ili gome lisichanike mpaka kwenye shina. Watu wote wawe mita 15 kutoka alipo, wewe ukiwemo, ila uwe unamwona. Na kama kuna nyaya za umeme karibu na huo mti, mpini hauzuii shoti, hapo waiteni watu wa shirika la umeme waje wakate wao.