Jaketi okozi la mtoto halinunuliwi la "atakuja kulijaa"

Wazazi tuna hesabu zetu. Kiatu cha mtoto tunanunua kimezidi kidogo, sare ya shule tunaacha pindo, ili avae hadi mwakani. Kwenye nguo haina neno. Mimi nikaipeleka hesabu hiyohiyo kwenye jaketi okozi. Mwanangu alikuwa na miaka minne na kilo 15; jaketi nililomnunulia lilikuwa la mtoto wa kilo 23 hadi 41.

Boti ilichelewa, basi tukaingia kwenye maji ya kina kifupi tuoge kidogo. Nilimshika kwapani, nikamwachia taratibu. Jaketi likapanda, yeye akabaki. Kufumba na kufumbua kola ilikuwa imefika masikioni, mikono juu kama mtu anayejisalimisha, na pua imeshagusa maji. Zipu ilikuwa imefungwa na mikanda yote nimeikaza mwenyewe. Nilimtoa anakohoa. Boti ilipokuja, ikaondoka bila sisi.

Tangu hapo nanunua kwa kilo, siangalii umri. Majaketi mengi yenye vipimo vya Marekani yana madaraja matatu ya watoto: chini ya kilo 14, kilo 14 hadi 23, na 23 hadi 41. Kwingine mipaka hutofautiana, kwa hiyo soma lebo iliyoshonwa ndani, usitegemee neno la muuzaji. Kisha mvalishe hapohapo dukani, kaza kila mkanda, mwambie anyooshe mikono juu, halafu shika jaketi mabegani ulivute juu. Likifika kidevuni au masikioni, lirudishe.

Kwa mtoto mdogo siachi mkanda unaopita katikati ya mapaja. Huo ndio unaozuia jaketi lisipande, na ndio wazazi wengi huuacha ukining'inia kwa sababu mtoto analalamika. Kola nayo ina kazi yake: kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili, akianguka huelekea kulala kifudifudi, na kola husaidia kuuweka uso juu. Mpini wa mgongoni ni wa kumvutia botini. Majaketi ya kujaa upepo wadogo hawayawezi, na yale maboya ya plastiki ya kuvaa mikononi ni ya kuchezea, hayana kazi baharini wala ziwani. Ukiona lebo imeandikwa 50 (kipimo cha nguvu ya kumfanya mtu aelee), hicho ni kifaa cha kumsaidia kuelea mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Mtoto asiyejua kuogelea anahitaji 100 au zaidi.

Sheria? Zinatofautiana. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamtaka mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi boti ya starehe ikiwa safarini, isipokuwa akiwa chini ya sitaha au ndani ya chumba kilichofungwa. Majimbo yanaweza kuweka umri wao. Ireland sheria inawahusu wote walio chini ya miaka 16. Ulizia za unakokwenda, ila nyumbani kwangu kanuni ni kali kuliko hizo: mtoto anavaa tangu tunapokanyaga gati, kwa sababu kuteleza wakati wa kupanda na kushuka hakusubiri injini iwashwe.

Boti ya kukodi nayo isikudanganye. Niliwahi kuoneshwa majaketi kumi yamepangwa vizuri chini ya benchi, yote ya watu wazima. Nilipoulizia ya watoto, nahodha akanijibu kwamba "wadogo huwa tunawafunga kamba vizuri." Sasa nabeba ya kwetu.

Kuhusu kilio cha joto na kuwashwa, dawa niliyoipata ni kumwacha avae jaketi sebuleni siku kadhaa kabla ya safari, akicheza. Na mimi navaa langu. Nikilikalia badala ya kulivaa, ataona namtania.

Nyumbani tunalisuuza kwa maji baridi na kulianika kivulini, maana jua kali huchosha kitambaa. Hatulikalii kama mto, sponji ya ndani isije ikabonyea. Kwenye lebo nimeandika kwa kalamu ya wino mzito uzito wa mvaaji na tarehe. La binti yangu mdogo limeandikwa kilo 16. Juzi nimempima tena: 22.