Simamisha kwanza huo upasuaji wa mdogo wako

Mkuu, swali lako la kula nyama na maharage lisubiri. Umeandika baba alifariki akisafishwa damu, shangazi figo zimeisha, mkojo wako hauna damu wala protini, figo zako zimesinyaa kidogo, halafu: "kipimo cha jeni kimetoka hasi, kwa hiyo mdogo wangu wa miaka 27 anaweza kunipa figo." Hiyo "kwa hiyo" inaweza kumfikisha kwenye mashine ileile.

Kuna jeni inaitwa MUC1. Ndani yake kipande cha herufi 60 za DNA kinajirudia mara 20 hadi 125, kutegemea mtu. Ikiharibika huleta ugonjwa wa figo wa kurithi, na katika familia nyingi zenye ugonjwa huu kosa ni herufi C moja: penye C saba pana nane, ndani ya rudio moja tu. Kuanzia hapo seli inasoma kombo na kutengeneza protini isiyo na sehemu ya kujishikiza kwenye utando. Haitoki nje, wala haivunjwi kama takataka nyingine. Inanaswa na TMED9, kipokezi kinachosafirisha mizigo kati ya retikulamu na Goljii (karakana mbili za protini ndani ya seli), inarundikana, na seli za mirija ya figo zinakufa taratibu. Vichujio havikuguswa kwanza, ndiyo maana mkojo uko safi na biopsi (kipande cha figo kikipimwa) inaonyesha makovu tu yasiyosema yametoka wapi.

Sasa hao waliokuandikia "hasi". Mashine zao husoma vipande vifupi, na marudio yanayofanana hivyo hayapangiki, kwa hiyo C ya nane haionekani. Kosa hili lilifahamika 2013 kwa sababu watafiti walikwenda kulitafuta kwa mkono. Umelipia kupekuliwa nyumba nzima, wamepekua sebule, na hawakuona aibu kupiga muhuri! Walau mstari mmoja chini, "MUC1 haikusomwa", wino ungewaishia?

Kanuni ni moja: ndugu wa damu hatoi figo mpaka kosa la ukoo lijulikane kwa mgonjwa, kisha litafutwe hilohilo kwake. Anza wewe. Omba kipimo maalumu cha marudio ya MUC1: kimeng'enya MwoI hukata marudio yasiyo na kosa, lenye C ya ziada likabaki na kuonekana. Uliza pia kama UMOD, jeni nyingine ya ugonjwa wa figo wa aina hii, imesomwa yote. Jeni hiyo huonekana vizuri kwenye paneli za kawaida (vipimo vya jeni nyingi kwa pamoja), na jongo la ujanani hunielekeza huko. Kosa likipatikana, mdogo wako apimwe, akubali mwenyewe baada ya kueleweshwa. Uwezekano wa kulibeba ni nusu kwa nusu.

Usinionyeshe kreatinini yake nzuri (kipimo cha damu cha kazi ya figo): figo nzima leo si ushahidi kwamba hana kosa. Kwenye ukoo mmoja figo za huyu huisha miaka ya ishirini, za yule akiwa babu.

Asiyezaliwa kwenye ukoo huo, mkeo kwa mfano, hahitaji kipimo hiki, na ugonjwa huu haurudi kwenye figo iliyopandikizwa.