Usiiamini Kemikali Moja Kuisemea Protini

Kila likizo vijana wa hapa Malindi wanaosoma bayokemia huniletea kazi zao za mradi, na swali huwa lile lile: "Mwalimu, nimeweka kemikali inayozuia protini yangu, seli zikafa. Si basi protini hii ndiyo inayozipa uhai?" Huwaambia: bado.

Mfano mzuri tunao hapa hapa. Huku bara ya Malindi, Wawata na Wagiriama waliwinda kwa mishale ya sumu ya msunguti. Sumu hiyo ina kemikali iitwayo uabaini, na uabaini imefanya kazi kubwa maabara. Mwaka 1957, mwanasayansi Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, alieleza kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) alichokipata kwenye neva za miguu ya kaa, kinachovunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa nguvu pale sodiamu na potasiamu zinapokuwapo pamoja. Je, ndicho kinachosukuma sodiamu nje ya seli? Mwaka uliofuata, huko Vienna, mwanasayansi Mmarekani Robert Post alimuuliza kama uabaini inakizuia, maana ilishajulikana kwamba sumu za jamii hiyo husimamisha usafirishaji wa sodiamu na potasiamu katika chembe nyekundu za damu. Skou akapiga simu maabara kwake, wakapima, kimeng'enya kikazuilika. Mwaka 1997 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Tazama alivyofika pale. Uabaini haikusema peke yake. Ilikuja juu ya ushahidi uliokwishatangulia, na kemikali ile ile ikasimamisha kimeng'enya kwenye chupa na kazi ya seli nzima. Hapo ndipo kizuizi, yaani kemikali inayozuia protini, huwa na thamani. Tena kina faida ambayo kufuta jeni hakukupi: kinafanya kazi kwa dakika, na mara nyingi ukikiosha protini inarudi kazini. Ukifuta jeni ya protini ambayo seli haiishi bila yake, huna seli za kuchunguza.

Kinachoharibu kazi nyingi ninazoletewa ni kipimo. Binti mmoja alinionyesha kwenye simu picha za seli zake: zimejikunja zikawa duara, nyingi zimeshabanduka na kuelea. Kipimo? Maikromola 50. Karatasi ya kemikali yenyewe inasema protini ile inazuilika nusu kwa nanomola 20, na maikromola moja ni nanomola 1,000. Ni kweli seli nzima huhitaji kipimo kikubwa kuliko protini iliyo peke yake kwenye chupa, lakini hiyo ni mara 2,500! Kwa wingi huo kemikali hugusa protini nyingine chungu nzima, na kifo cha seli hakikuelezi chochote. Kinasi za binadamu peke yake, yaani vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye protini nyingine, ni zaidi ya 500, na karibu zote hushika ATP kwa mfuko unaofanana. Kemikali iitwayo staurosporini, kwa mfano, huzuia kinasi nyingi mno. Anza chini, panda hatua kwa hatua, na upime kama protini yako imezuilika kweli ndani ya seli kwa kipimo kile kile kinacholeta badiliko unaloliona.

Weka pia seli zilizopata DMSO tupu, yaani kimiminika cha kuyeyushia kizuizi, kwa kiasi kile kile. Na huku kwetu pwani funga chupa yake vizuri, kwa kuwa DMSO hunyonya unyevu wa hewa.

Kisha tafuta kizuizi cha pili chenye umbo tofauti kabisa na cha kwanza. Vikileta matokeo yaleyale, unaanza kuwa na hoja. Akiwapo pacha wake, yaani kemikali inayofanana nacho sana lakini haizuii protini yako, mjaribu naye.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la protini sugu. Kile kimeng'enya cha Skou ndicho pampu ya sodiamu, na pampu kuu ya panya huhimili uabaini takriban mara elfu kuliko ya binadamu, na tofauti hiyo hutokana hasa na asidi amino mbili tu. Ukiingiza jeni ya pampu ya panya kwenye seli za binadamu, kisha ukaweka uabaini ya kuua zile za kawaida, seli hizo huendelea kuishi. Maana yake sumu ilikuwa inaua kwa kupitia pampu ile. Kwa protini yako, muulize msimamizi wako kama kuna badiliko linaloifanya isishikwe na kizuizi ilhali kazi yake inabaki. Ukilipata, na seli zikapona, njoo nyumbani tukae tuiandike ripoti.