Niliungua na mafuta ya chapati, rangi yangu itarudi?

SWALI: Dokta, nakaanga chapati na mayai hapa Jinja, mafuta yaliniruka mkononi likatoka lengelenge, sasa limekauka ila pamebaki peupe. Ndo basi?

JIBU: Pole sana dada yangu. Hapana, sio lazima iwe basi. Ngozi ina matabaka mawili makubwa na chini yake kuna mafuta. Lile la juu ni jembamba kama karatasi na halina hata mshipa mmoja wa damu, ndo maana ukijikwaruza kidogo tu hutoki damu, na chini kabisa ya hilo tabaka kuna seli zinazotengeneza rangi, melanini, ile inayotukinga na jua, na sisi wa huku ikweta tunaihitaji kweli kweli. Seli mpya zinazaliwa hukohuko chini zinapanda pole pole kama mwezi hivi, zikifika juu zimeshakufa zinapukutika. Sasa kama moto haukufika chini sana rangi inarudi yenyewe, wengine wiki kadhaa, wengine miezi.

Pafunike ukienda juani, na krimu za kubadili rangi usiziguse nakuomba.

Siku nyingine ukiungua weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, dawa ya meno hapana, na lengelenge usilipasue. Ila pakiungua vibaya halafu hapaumi, usifurahi, hapo neva zenyewe, zile zinazopeleka maumivu, zimeungua, kimbia hospitali siku hiyohiyo.