Mkuu, usitoe hela kwa kusoma boksi

Shika kwanza hiyo laki saba yako. Unasema umeiona Kariakoo TV ya inchi 55, boksi limeandikwa 4K, winga kakwambia bei hiyo ni ya leo tu, na unauliza uichukue sasa au usubiri 8K, zile zenye nukta nyingi zaidi ya 4K, zishuke bei. Halafu spika, halafu fundi wa kuitundika ukutani. Weka yote hayo pembeni. Nani kakuhakikishia kwamba hiyo ni 4K?

Mimi nilihakikishiwa na boksi. "4K UHD" ya rangi ya dhahabu, kubwa kuliko jina la kampuni. Chini yake, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa, "4K supported". Sikujali. Kumbe maana yake TV inapokea video ya 4K, kisha inaipunguza itoshe kwenye kioo cha kawaida. Kioo cha 4K kina nukta, yaani vidoti vinavyounda picha, 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Changu kilikuwa 1920 kwa 1080, Full HD ileile ya zamani, yaani robo ya nukta nilizolipia. Hela ile ingetosha TV ya Full HD ya kampuni inayoeleweka, na chenji ya kulipia king'amuzi.

Usijidanganye kwamba utagundua haraka. Sebuleni kwangu tunakaa mbali, na kwa inchi 55, ukishapita mita mbili na kidogo jicho la kawaida halitofautishi Full HD na 4K. King'amuzi chenyewe kinatoa HD. Kwa hiyo nilikuwa natamba mbele ya wageni: "Hii 4K hii, ona jasho la kipa!" Na jasho wakaliona. Kwenye mipangilio ilikuwa inaandika 2160p, nikatulia. Ile ni video inayoingia, kuhusu kioo haisemi kitu. Mpwa wangu ndiye aliyeniumbua. Alichomeka kompyuta, akaiweka kwenye 3840 kwa 2160, herufi ndogo zikawa kama sisimizi waliokanyagwa.

Nikarudi dukani. Yule winga aliyeniita "bosi wangu" kuanzia Mtaa wa Aggrey mpaka ndani ya fremu, akaapa kwa mama yake mzazi, sasa ananiuliza nimepotea au? Mwenye fremu akanionyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia boksi limeandikwa 4K. Akanijibu kwa upole kabisa, "Imeandikwa supported, mzee." Shule nimesoma mimi, mtihani kafaulu yeye.

Kwa hiyo sikia: nunua namba ya modeli, boksi waachie wenyewe. Geuza TV, nyuma kuna kibandiko. Namba yake ifanane na ya boksi. Itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome vipimo vya kioo: 3840 x 2160. Namba haipo, au kampuni haina hata tovuti? Ondoka, hata kama wameshakununulia soda.

Ukitaka uhakika zaidi, nenda na flashi yenye video ya 4K ya mistari myeusi na myeupe, kila mmoja unene wa nukta moja. Iwe video, isiwe picha, maana TV nyingi ambazo ni 4K kweli huonyesha picha za flashi kwa 1080, utaikataa nzuri bure. Sogea mpaka pua ikaribie kugusa kioo. Mistari ikitengana vizuri, lipa. Ukiona kijivu kitupu, chomoa flashi yako, aga. Na muuzaji akikataa flashi isichomekwe, hapo ameshakujibu.

8K usiisubiri. NHK, shirika la utangazaji la Japani, ilianza kurusha chaneli ya 8K Desemba 2018, na wewe mpaka leo king'amuzi chako ni HD. Hata 4K ya mtandaoni inaweza kula karibu GB 7 kwa saa, na bando lako unalijua mwenyewe.

Ya spika watakujibu wengine. Wewe piga picha kile kibandiko uiweke hapa kabla hujatoa hata shilingi. Winga akikwambia kuna mteja mwingine yuko njiani kuifuata, mwache huyo mteja aichukue.